Walcheren: Kisiwa Kilichozamishwa ili Kikombolewe

Mkulima wa Uholanzi ana adui mmoja wa tangu zama za mababu, naye ni bahari. Sehemu kubwa ya nchi yake iko chini kuliko maji ya bahari yanapojaa, na kinachoyazuia maji yasiingie mashambani ni matuta makubwa ya udongo, mchanga na mawe, ambayo watu wa huko wameyajenga na kuyalinda kwa mamia ya miaka. Mtu anayeharibu tuta huko ni sawa na mtu anayechoma ghala la kijiji kizima. Basi mtu aweza kufikiri jinsi walivyoshangaa watu wa kisiwa cha Walcheren, katika Vita Kuu ya Pili, walipoliona tuta lao lililokuwa kubwa kuliko yote likibomolewa kwa makusudi mwezi wa Oktoba 1944. Wala waliolibomoa si Wajerumani, ambao walikuwa wameikalia nchi tangu 1940, bali ni ndege za Waingereza, yaani marafiki waliokuwa wakija kuwakomboa.

Walcheren ni nchi ndogo katika jimbo la Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, mahali mto Scheldt unapoingia baharini. Siku zile kilikuwa kisiwa, kikiunganishwa na nchi ya jirani kwa njia moja nyembamba. Umbo lake ni mfano wa bakuli: kandokando kuna vilima vya mchanga na matuta, na katikati ni bonde la udongo mzuri, lenye mashamba ya nafaka na malisho ya ng'ombe. Mji mkuu, Middelburg, uko katikati, nao umeinuka kidogo kuliko mashamba. Kusini kuna mji wa bandari wa Vlissingen, na katika ncha ya magharibi kuna kijiji cha Westkapelle, ambacho wanaume wake wengi walikuwa mafundi wa matuta, kazi waliyorithishana baba kwa mwana.

BANDARI ISIYO NA NJIA

Sababu ya kukizamisha kisiwa hicho haikuwa ndani ya kisiwa chenyewe. Tarehe 4 Septemba 1944 majeshi ya Waingereza yaliingia katika mji wa Antwerp, Ubelgiji, na kwa msaada wa Wabelgiji waliokuwa wakipigana kwa siri waliikuta bandari yake karibu nzima, magati na mitambo ya kupakulia shehena ikiwa haijavunjwa. Hiyo ilikuwa bahati kubwa sana. Majeshi yaliyokuwa yakielekea Ujerumani yalikuwa yakipata chakula, petroli na risasi kwa malori kutoka pwani ya Normandy, nchini Ufaransa, mwendo wa mamia ya maili. Msafara mashuhuri wa malori hayo ulikuwa wa Wamarekani, na katika kila madereva wanne, karibu watatu walikuwa Wamarekani Weusi. Waliendesha mchana na usiku, na siku moja waliweza kufikisha tani zaidi ya 12,000. Lakini lori nalo hula petroli, na kadiri majeshi yalivyosonga mbele ndivyo malori yalivyozidi kula mzigo yaliyokuwa yameubeba.

Walakini Antwerp haiko kando ya bahari. Meli hupanda mto Scheldt maili karibu 50 kabla ya kulifikia gati, na kingo zote mbili za mlango wa mto zilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Mizinga iliyowekwa juu ya vilima vya mchanga vya Walcheren iliweza kuzamisha chombo chochote kilichojaribu kupita. Majemadari wakubwa walishughulika kwanza na mashambulio mengine, hasa lile la Arnhem lililoshindwa, na kwa kosa hilo waandishi wengi wa historia wamewalaumu. Wajerumani walipata muda wa kutosha kuchimba mahandaki na kutega mabomu.

Kazi ya kuufungua mto walipewa Jeshi la Kwanza la Kanada. Mkubwa wa jeshi hilo alikuwa mgonjwa, na mahali pake alikuwapo Jenerali Guy Simonds. Yeye ndiye aliyetoa shauri la kulijaza bakuli maji. Alisema kwamba matuta yakitobolewa, adui hataweza kupita mashambani kupelekeana msaada, na mizinga yake ya katikati ya kisiwa itazama. Tena washambuliaji wataweza kutumia magari yale yaendayo nchi kavu na majini pia, ambayo askari waliyaita Nyati. Baadhi ya maofisa wake hawakuamini kwamba mabomu yangeweza kulivunja tuta la Westkapelle. Shauri hilo likapelekwa juu, likakubaliwa.

Tarehe 2 Oktoba ndege ziliwadondoshea watu karatasi za kuwaonya wahame. Lakini wahamie wapi? Kisiwa kizima kilikuwa na Wajerumani, na mtu mwenye ng'ombe, mama mzee na watoto hawezi kuondoka kwa saa chache kwenda asikokujua. Wengi walibaki. Kesho yake, tarehe 3, zikaja ndege kubwa karibu 250, wimbi baada ya wimbi, na tuta likapasuka. Katika kijiji cha Westkapelle walikufa watu zaidi ya 150. Zaidi ya 40 kati yao walikuwa wamekimbilia ndani ya kinu cha kusagia nafaka, kwa kuwa kuta zake zilikuwa nene. Kifusi kikauziba mlango, na bahari ilipojaa maji yakawafuata mle ndani.

Katika siku chache zilizofuata matuta mengine yalitobolewa: karibu na Vlissingen mahali paitwapo Nolle, na upande wa mashariki karibu na Rammekens, na kaskazini karibu na Veere. Sasa maji yaliingia na kutoka mara mbili kila siku, na siku za bamvua yalifika mbali zaidi. Ekari karibu 40,000 zilifunikwa. Middelburg, kwa kuwa umeinuka, ukawa kisiwa ndani ya kisiwa, nao ukajaa wakimbizi hata watu wakawa mara mbili ya kawaida yake.

MAPIGANO YA NOVEMBA

Shambulio lenyewe lilikuwa la pande tatu. Upande wa mashariki Wakanada walijaribu kuvuka ile njia nyembamba, yenye urefu wa yadi karibu 1,200, isiyo na mti wala jiwe la kujificha, kulia matope na kushoto matope. Walipigana hapo tangu tarehe 31 Oktoba, wakauawa wengi, wala hawakupata zaidi ya kipande kidogo cha ardhi upande wa pili. Alfajiri ya tarehe 1 Novemba makomando wa Kiingereza, pamoja na Wafaransa waliokuwa chini ya Philippe Kieffer, walivuka maji wakashuka Vlissingen, wakafuatwa na askari wa Divisheni ya 52 ya Waskoti. Jambo la ajabu ni kwamba Divisheni hiyo ilikuwa imefundishwa kwa miaka mingi kupigana milimani. Na vita vyake vikubwa vya kwanza ikavipigana mahali palipo chini kuliko bahari.

Upande wa tatu ulikuwa Westkapelle. Huko makomando, wakiwamo Wabelgiji na Wanorwei, waliingia kwa mashua kupitia pengo lile lile lililofanywa na mabomu. Manowari Warspite na wenzake walipiga mizinga kutoka mbali, lakini hali ya hewa ilizuia ndege nyingi zisije. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba maji hayakumaliza kazi yote. Mizinga mikubwa ya Wajerumani haikuwa bondeni. Ilikuwa juu ya vilima vya mchanga ambako maji hayakufika. Vyombo vidogo 27 vilijisogeza karibu na pwani ili moto wa mizinga uwaelekee wao badala ya makomando. Tisa vilizama, 11 viliharibiwa, na mabaharia 172 wakafa. Makomando walishuka.

Mwisho wa vita hivyo una kisa ambacho askari walipenda kukisimulia. Tarehe 6 Novemba magari machache ya Nyati yaliogelea mashambani hata yakaingia mjini Middelburg, yakiwa na kikosi kidogo cha Waskoti chini ya Meja Johnston. Jenerali Daser wa Kijerumani alikuwamo na askari wake wapatao 2,000. Alikuwa tayari kusalimu amri, lakini si kwa Meja. Heshima yake ilitaka ofisa mwenye cheo kikubwa zaidi. Basi Meja akajipandisha cheo papo hapo akawa Luteni Kanali, na Jenerali akaridhika. Kama maji yasingekuwapo Nyati wale wasingefika mjini kwa njia hiyo, na mji uliojaa wakimbizi ungepigwa mizinga. Hilo lazima litiwe katika hesabu, kama vile wale wa kinuni wanavyotiwa.

Mapigano yalikwisha tarehe 8 Novemba. Tangu mwanzo wa Oktoba Jeshi la Kwanza la Kanada lilikuwa limepoteza watu 12,873, waliokufa, kujeruhiwa au kupotea, na karibu nusu yao walikuwa Wakanada wenyewe. Meli za kufagia mabomu ziliusafisha mto kwa majuma matatu, na tarehe 28 Novemba msafara wa kwanza wa meli ukafika Antwerp. Majeshi yalipata bandari yao yakaendelea mbele. Walcheren kikabaki ndani ya maji.

KUYAFUNGA MAPENGO

Msomaji aweza kuuliza kwa nini mapengo hayakuzibwa mara moja. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya Uholanzi ilikuwa bado chini ya Wajerumani hata Mei 1945, na watu wa miji ya magharibi walikuwa wakifa kwa njaa katika majira ya baridi ya mwaka ule. Mafundi na meli za kuchotea mchanga zilikuwa huko, au zilikuwa zimechukuliwa na adui, au zimezama. Makaa hayakuwapo, mabuti hayakuwapo, na chini ya maji palikuwa na mabomu yaliyotegwa. Wenyeji walijaribu kwa koleo na magunia ya mchanga, lakini kazi hiyo haikuwa ya koleo.

Na kila siku iliyopita ilizidisha kazi. Pengo la tuta halifanani na pengo la ua, ambalo leo na kesho ni lile lile. Maji yakiingia yanachimba, yakitoka yanachimba tena, mara nne kila siku. Mapengo yaliyokuwa mapana tangu mwanzo yakawa na kina pia, na kutoka kila pengo maji yalichimba mito mipya ndani ya mashamba, ikaendelea kurefuka kila bamvua.

Serikali ya Uholanzi iliunda idara maalumu kwa ajili ya kukikausha kisiwa, na kazi kubwa ilianza katika kiangazi cha 1945. Mainjinia walifuata kwanza ufundi wa zamani. Huko Uholanzi fito za mti wa mwerebi, uotao kando ya mito, husukwa kuwa mikeka mikubwa sana; mikeka hiyo huvutwa mpaka mahali pake, hulemezwa kwa mawe ikazama, nayo huilinda sakafu ya bahari isichimbwe. Juu ya mikeka humwagwa udongo wa mfinyanzi na mchanga. Lakini mkondo ulikuwa na nguvu kuliko ufundi wa zamani, kwa maana shehena ya udongo iliyomwagwa asubuhi ilichukuliwa na maji jioni. Ndipo walipokumbuka vitu vilivyobaki Normandy. Waingereza walikuwa wametengeneza masanduku makubwa ya saruji, mengine yenye ukubwa kama wa jengo la ghorofa, ili kujenga bandari ya muda siku za kushuka Ufaransa. Sasa hayakuwa na kazi tena. Baadhi yalivutwa na meli mpaka Zeeland, pamoja na merikebu kuukuu zilizofaa kuzamishwa.

Kulizamisha sanduku la namna hiyo katika pengo ni kazi ya dakika chache tu kila siku. Maji yakiwa yamekwisha kujaa lakini hayajaanza kupwa, mkondo husimama. Wakati huo meli za kuvuta lazima ziwe zimelifikisha sanduku mahali pake hasa, limegeuzwa sawasawa, na malango yake yafunguliwe ili lijae maji na kukaa chini. Likichelewa kidogo, mkondo hulichukua kama boga. Likikaa vibaya, maji hupita chini yake na kuchimba shimo jipya, na kazi ya majuma hupotea kwa usiku mmoja. Mambo hayo yote mawili yalitokea.

Mwisho wa Oktoba 1945 mapengo matatu yalikuwa yamefungwa, yaani Nolle, Westkapelle na Veere. Lakini sasa maji yote ya kisiwa yakawa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Rammekens, na pengo hilo likazidi kuwa na nguvu. Masanduku, merikebu, nyavu za chuma, fito na mawe vilitupwa humo, na dhoruba za majira ya baridi zikavisukumasukuma. Lilifungwa mwanzoni mwa Februari 1946. Mwandishi wa Kiholanzi A. den Doolaard, aliyekuwapo kazini pamoja na mainjinia, aliandika habari hizo katika kitabu kilichosomwa sana nchini mwake.

Zaidi kaskazini Wajerumani nao walikuwa wamelivunja tuta la nchi ya Wieringermeer tarehe 17 Aprili 1945, siku chache tu kabla ya kushindwa. Huko maji yalikuwa ya ziwa, si ya chumvi, wala hayakupwa na kujaa, na nchi ilikauka Desemba ya mwaka ule ule. Tofauti hiyo yaonyesha uzito wa mzigo uliowaangukia watu wa Walcheren.

CHUMVI NDANI YA UDONGO

Maji yalipoondoka, mkulima aliyerudi alikuta shamba la rangi ya kijivu. Miti karibu yote ilikuwa imekufa, na konokono wa bahari walikuwa wameshika mashina yake. Mifereji ilikuwa imejaa tope. Nyungunyungu, wanaoufungua udongo ili hewa na maji vipite, walikuwa wamekufa wote. Na chumvi ilikuwa imeingia ndani kabisa.

Mtu angedhani kwamba mvua ikinyesha ya kutosha chumvi itaoshwa na shamba litapona. Maneno hayo ni nusu ya kweli tu, na nusu nyingine ndiyo iliyowapa Mabwana Shamba wa Kiholanzi kazi. Katika udongo wa mfinyanzi ulio mzuri kuna chokaa inayoshikamana na chembe za udongo, na kwa sababu yake udongo hugawanyika katika mabonge madogo madogo yenye nafasi kati yake. Maji ya bahari huiondoa chokaa hiyo na kuweka mahali pake sehemu ya chumvi iitwayo sodiamu. Maadamu chumvi nyingi bado imo, udongo huonekana kama haukudhurika. Mvua ikiisha kuiosha, sodiamu iliyoshikamana na chembe hubaki, na hapo udongo huporomoka: ukiloa huwa uji unaonata, na ukikauka huwa mgumu kama tofali. Maji hayapiti, hewa haipiti, na mbegu huoza. Mkulima aliyelima mapema kwa sababu shamba lilionekana limepona ndiye aliyeliharibu.

Dawa yake ilikuwa jasi. Jasi hurudisha ile chokaa katika udongo, na sodiamu ikiisha kufukuzwa huoshwa na mvua hata mferejini. Basi jasi ililetwa kwa wingi ikatandazwa mashambani, na wakulima wakaonywa wasiguse udongo ulioloa, wasilime chini sana, na kwanza wazibue mifereji, kwa sababu bila mifereji chumvi haina mahali pa kwenda. Zao la kwanza lililofaa lilikuwa shayiri, ambayo huvumilia chumvi kuliko nafaka nyingi. Jambo gumu kwa mkulima halikuwa kazi, bali kungoja. Mtu aliyekaa mwaka mzima na nusu bila shamba aliambiwa sasa akae tena alitazame.

Jambo lingine lilifanywa ambalo lisingewezekana siku za amani. Kabla ya vita mashamba ya Walcheren yalikuwa madogo, tena yametawanyika. Mtu alikuwa na kipande huku na kipande kule, na njia zilizopindapinda kati yake. Kwa kuwa mipaka mingi ilikuwa imefutwa na maji, sheria maalumu ya 1947 iliruhusu ardhi yote igawanywe upya. Vipande viliunganishwa, barabara na mifereji mipya ikachimbwa, na wakulima kadhaa wakapewa mashamba katika nchi mpya ya Noordoostpolder, ambayo Waholanzi walikuwa wameitoa chini ya maji mwaka 1942, ili wale waliobaki wapate nafasi ya kutosha. Haikuwa rahisi kwa mzee kuliacha shamba la babu yake akalime mahali ambapo miaka michache kabla yake palikuwa pakivuliwa samaki. Miti mipya ilipandwa kando ya barabara na mashamba, lakini wenyeji walisema kwamba kisiwa chao cha zamani, chenye ua za miiba na vichochoro, hakikurudi.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 dhoruba kubwa iliyapasua matuta ya Zeeland na majimbo jirani, na Waholanzi 1,836 wakafa. Mainjinia waliokwenda kuyaziba mapengo hayo walikuwa na ujuzi uliopatikana Walcheren. Pengo kubwa la mwisho, la Ouwerkerk, lilifungwa Novemba 1953 kwa masanduku manne ya saruji ya aina ile ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Normandy. Masanduku hayo yapo hapo hata leo, na ndani yake pamefanywa jumba la kumbukumbu ya mafuriko.

Huko Westkapelle kijiji kilijengwa upya karibu chote. Tuta limeinuliwa na kuimarishwa kuliko zamani, na juu yake umewekwa mmoja wa vifaru vilivyoshuka hapo Novemba 1944. Nyuma ya tuta, upande wa mashambani, limebaki ziwa refu jembamba. Hapo ndipo maji yalipopita.